Vilishio vya Kuku vya Kujitengenezea: Bomba, Beseni na Ndoo Vikipimwa Dhidi ya Kile cha Dukani

Kuku wa mayai aliyekomaa hula wastani wa gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na kwa mfugaji mwenye kuku kumi na wawili uani, mfuko wa kilo 50 humalizika katika muda wa mwezi mmoja na siku chache. Chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa kuliko zote ya gharama za ufugaji, kwa makadirio ya kawaida kati ya asilimia 60 na 70, kwa hiyo mfugaji anayeacha sehemu moja tu ya kumi imwagike sakafuni hupoteza kilo 5 katika kila mfuko, nazo ni posho ya kuku wote kumi na wawili kwa siku tatu na zaidi. Kwa kigezo hicho kwanza, na vingine baadaye, nimevipima vilishio vitatu vya kujitengenezea nyumbani pamoja na kile cha plastiki kinachouzwa katika maduka ya pembejeo, ndani ya ua wa nyumba hapa Tanga, mahali ambapo unyevu wa bahari na mvua za masika huharibu haraka chakula chochote kilichoachwa wazi.

Ni vyema nieleze mapema kuku na chakula chenyewe, kwa sababu kilishio kinachofaa banda moja huweza kushindwa katika banda jingine. Kuku ni chotara wa mayai pamoja na wachache wa kienyeji, nao hubaki bandani hadi alasiri kisha hufunguliwa wakachakure uani. Chakula chao ni cha unga: mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa ya mifugo na mchanganyiko wa vitamini na madini. Maelekezo mengi ya kutengeneza vilishio yametungwa na watu wanaolisha kuku chakula cha punje, ambacho huteleza chenyewe kama nafaka, ilhali wafugaji wengi wa huku hununua au huchanganya unga. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila nitakalolisema hapa chini.

Anayetaka kujua kwa nini chakula hupotea na amtazame kuku mmoja akila, kwa utulivu, kwa muda wa dakika chache. Kuku hachoti; huchagua. Hutafuta kwanza vipande vya mahindi na vya dagaa, na ili avifikie huufagia unga kwa mdomo, kushoto na kulia, kwa mikupuo midogo ya haraka ya kichwa. Chombo kikiwa na ukingo ulionyooka, kila mkupuo hurusha unga nje. Kikiwa chini sana, kuku hupanda ndani na kuanza kuparua kwa miguu, na hapo chakula na kinyesi huwa kitu kimoja. Ndiyo maana kanuni tatu za zamani za mafundi wa mifugo bado hazijapata mbadala: ukingo uliokunjwa kwa ndani, kimo cha ukingo kilingane na mgongo wa kuku aliyesimama, na chakula kilicho wazi kisizidi theluthi moja ya kina cha chombo. Kilishio chochote, kiwe cha bei kubwa au cha ndoo kuukuu, hufaulu au hushindwa kwa hayo matatu.

Kwa upande wa upimaji, nilitandika kiroba kilichopasuliwa chini ya kila kilishio, jioni nikakusanya kilichomwagika, nikakichekecha ili kuondoa manyoya na kinyesi, kisha nikakiweka kwenye mizani ya jikoni. Kuku walikuwa walewale na chakula kilikuwa kilekile.

Nianze na kile cha dukani, ambacho hakihitaji maneno mengi. Ni kile chenye sahani pana chini na mtungi wa umbo la kengele juu yake, mara nyingi sahani ikiwa nyekundu. Kwa vifaranga na kuku wanaokua ni chombo kizuri, kwa sababu sahani yake imegawanywa kwa vizuizi vinavyozuia ndege kuingia ndani, na unga hushuka bila shida kwa kuwa mtungi hupanuka kuelekea chini. Kasoro yake iko kwenye maungio. Mtungi na sahani hushikana kwa vimeno vidogo vya plastiki, na mtu anapokinyanyua kikiwa kimejaa, uzito wote huvuta vimeno hivyo. Kimoja kikivunjika, chombo chote hakiaminiki tena. Kwa kuku wakubwa ukingo wa sahani nao ni mfupi mno, hivyo kiasi kilichobaki kwenye kiroba jioni hakikuwa kidogo hata kidogo. Ningekinunua kwa ajili ya vifaranga, ila si kwa kuku wanaotaga.

Cha pili ni kilishio cha bomba, ambacho husifiwa kuliko vyote na kupendeza kuliko vyote kinapofungwa ukutani. Huhitaji kipande cha bomba la PVC la inchi 4, elbo (kiungo cha kona) moja chini, kifuniko juu, na waya au kamba za bomba za kukifunga kwenye nguzo ya banda. Bomba la milimita 110 lenye urefu wa mita 1 hubeba takriban lita 8 na nusu, sawa na kilo 4 na nusu hadi 5 za chakula cha unga, yaani chakula cha siku tatu kwa kuku kumi na wawili. Hesabu hiyo huvutia. Bomba zima, hata hivyo, huuzwa kwa urefu wa mita 6, na si kila duka la vifaa vya ujenzi hukubali kukata kipande, kwa hiyo anayetaka kilishio kimoja tu ni heri akamuulize fundi bomba kuhusu vipande vilivyobaki kazini.

Tatizo kubwa la bomba ni kwamba unga haushuki. Ukilijaza asubuhi, kuku hula kilicho kwenye elbo, kisha hufika mahali wanadona plastiki tupu huku juu yao kukiwa na kilo kadhaa za chakula. Ukigonga kwa konzi ya vidole, sehemu ya chini hutoa sauti ya chombo kitupu, na kiganja kimoja juu yake sauti hubadilika na kuwa nzito: hapo ndipo unga uliposhikana na kuta na kujibebesha wenyewe. Piga bomba kwa kiganja na mzigo wote huporomoka mara moja, elbo hufurika, na sehemu ya chakula humwagika nje. Hewa ikiwa na unyevu, kama ilivyo kuanzia Machi hadi Mei katika pwani hii, hali huwa mbaya zaidi, kwani pumba hunyonya maji kutoka hewani na kuvimba. Kilishio kinachomlazimu mwenye nyumba akigonge mara kwa mara kimepoteza faida yake ya kwanza, ambayo ni kumwachia mtu nafasi ya kushughulika na mambo mengine.

Kuna jambo la pili. Mdomo mmoja wa bomba hutosha kuku mmoja kwa wakati, wawili wakielewana, na kuku hawaelewani. Mwanasayansi wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyeeleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 jinsi kuku wanavyopangana kwa cheo, kila mmoja akijua nani anaweza kumdona na nani asimguse, na mpangilio huo huonekana wazi kabisa mbele ya bomba. Jike mwenye cheo hula akashiba, akasimama palepale akilinda, na wa mwisho katika daraja hupata makombo. Anayetaka kutumia bomba kwa haki afunge mabomba matatu yaliyoachana, na kwa gharama hiyo tayari angekuwa na ndoo mbili bora zaidi. Kwa chakula cha punje au mahindi matupu, bomba ni chombo cha kuheshimika na ningelipendekeza bila kusita. Kwa unga, hapana.

Cha tatu ni ndoo iliyokaa juu ya beseni. Ndoo ya lita 20 ya mafuta ya kula, ile inayopatikana kwa mama lishe au kwa wauza chipsi, hutobolewa matundu kuzunguka kitako chake, kila moja likiwa na upana wa vidole vitatu hivi, kisha hufungwa kwa bolti na washa katikati ya beseni pana. Chakula hushuka kupitia matundu na kukaa kwenye beseni kwa kina kidogo. Kuku wakila, kingine hushuka. Ndoo hiyo hubeba takriban kilo 10 za unga, na kwa kuwa ni pana, unga hauna kuta za karibu za kujishikiza, hivyo hushuka vizuri. Beseni lenye kipenyo cha sentimita 40 lina mzingo wa sentimita 125 hivi, na kwa kuwa kilishio cha duara huhesabiwa sentimita 4 kwa kila kuku, kuku kumi na wawili hula kwa pamoja bila kusukumana. Kwa nafasi ya kulia, hakuna kinachoshinda hiki.

Hata hivyo, mabeseni ya kawaida yametengenezwa kwa ajili ya kufulia, na ukingo wake umelalia nje, kinyume kabisa na unavyotakiwa. Kuku anapofagia kwa mdomo, unga hupanda mteremko wa beseni na kuruka. Dawa niliyoipata ni mpira wa kumwagilia maji, uliopasuliwa kwa urefu wake na kuvalishwa kwenye ukingo ili uvimbe kwa ndani, na baada ya hapo kiasi kilichokusanywa kwenye kiroba kilipungua kwa namna inayoonekana kwa macho kabla hata ya mizani. Pia kinafaa kuning'inizwa, na Tanga hatukosi kamba ya katani. Kikining'inizwa kwa kimo cha mgongo wa kuku, hakuna anayepanda ndani, na kamba hufupishwa kadiri kuku wanavyokua. Kinachobaki kuwa kasoro ni kwamba beseni liko wazi kwa kila kiumbe, na nitalirudia hilo.

Sasa nifike kwenye kilishio ambacho nimekibakiza bandani, yaani ndoo yenye elbo ubavuni. Ni ndoo ileile ya lita 20 yenye kifuniko chake, ila badala ya matundu kwenye kitako, hutobolewa mashimo manne ubavuni, karibu na chini, na kila shimo huvalishwa elbo ya PVC ya inchi 3 yenye kona ya nyuzi 90. Mdomo mmoja wa elbo hutazama nje na mwingine hutazama chini, ndani ya ndoo, ukiwa juu ya kitako kwa kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Chakula hujaa ndoo nzima, lakini ndani ya elbo huweza kupanda kidogo tu, kwa sababu kinaingia kutokea chini. Kuku huingiza kichwa, huinamisha shingo na kula.

Uzuri wake huonekana pale kuku anapoanza kuchagua. Kichwa kiko ndani ya elbo hadi nyuma ya upanga, ile nyama nyekundu ya utosini, na mikupuo ni ileile ya kushoto na kulia. Unga hugonga ukuta wa elbo, huteleza na kurudi chini ya mdomo wake. Anapotoa kichwa ili ameze na kutazama huku na huku, kinachodondoka ni kile kilichonasa kwenye manyoya ya shingo tu. Jioni, kwenye kiroba, palikuwa na vumbi la pumba na punje za kuhesabika. Hakuna kilishio kingine kati ya hivi kilichokaribia matokeo hayo, na kwangu mimi hilo pekee lingetosha kumaliza ubishi.

Utengenezaji wake unataka umakini zaidi kuliko nguvu. Simamisha elbo ubavuni mwa ndoo na uchore duara kwa kalamu ya wino ukifuata mzingo wake wa nje, kisha kata kwa ndani kidogo ya mstari na upanue polepole kwa msasa hadi elbo iingie kwa kubana. Shimo likiwa kubwa mno, elbo hulegea na unga huvuja pembeni. Plastiki ya ndoo hukatika kwa drili na kisu kikali, na mafundi wengine hutumia kisu kilichopashwa moto, jambo linalokubalika kwa ndoo ikiwa kazi inafanyika mahali pa wazi. Kwa PVC kamwe usifanye hivyo, kwa sababu ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayochoma macho na mapafu. Bomba na elbo vikatwe kwa msumeno wa chuma. Ndoo ya lita 20 ina mzingo wa sentimita 90 hivi, hivyo elbo nne za inchi 3 huingia na kuacha plastiki ya kutosha kati yake. Elbo za inchi 4 huingia tatu kwa usalama. Ukilazimisha nne, ukuta wa ndoo hudhoofika na huanza kupasuka kwenye mashimo.

Kipimo cha kuchunga kuliko vyote ni ule upenyo kati ya elbo na kitako. Elbo ikigusa chini, chakula hakiingii na kuku watadona plastiki. Ikiwa juu sana, unga huwa mwingi mdomoni mwa elbo na ile faida ya kutomwaga hupungua. Upana wa vidole viwili, ukaujaribu kwa chakula halisi unachotumia kabla ya kutia gundi au silikoni, ndio utaratibu salama. Aidha, katikati ya kitako hubaki kilima cha unga ambao kuku hawaufikii. Bakuli la plastiki lililopinduliwa kifudifudi na kufungwa hapo katikati husukuma chakula kuelekea kwenye elbo, nalo ni jambo ambalo maelekezo mengi husahau kulitaja ilhali ndilo linaloamua kama chakula cha chini kitaliwa au kitazeeka.

Kuzeeka huko si jambo dogo. Unga wa mahindi uliokaa na unyevu huota kuvu, na miongoni mwa kuvu hao wapo wanaotoa aflatoksini, sumu inayoharibu ini la kuku na la binadamu pia; mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumu hiyo katika mahindi. Kwa hiyo, ijapokuwa ndoo hubeba kilo 10, wakati wa masika mimi hujaza nusu tu, na siku chakula kinapokwisha kabisa huigeuza ndoo, huifuta na kuianika juani kabla ya kujaza tena. Ndoo yenyewe iwe imewahi kubeba chakula cha watu. Iliyobeba rangi au dawa ya wadudu isiguswe hata ikioshwa mara ngapi.

Nimesema nitarudia suala la viumbe wengine. Pwani yetu ina kunguru weusi wa asili ya India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi huku, na beseni lililo wazi ni karamu yao, pamoja na njiwa na shorewanda. Ndege hao hula chakula na pia huacha kinyesi ndani yake, na kinyesi ni mojawapo ya njia za kusambaza ugonjwa wa mdondo. Kunguru huikagua ndoo yenye elbo, huizunguka, na huondoka, kwani hapendi kuingiza kichwa mahali ambapo haoni kinachotokea nyuma yake. Panya ni adui mgumu zaidi. Yeye huingia kwenye elbo bila hofu, na hushuka kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye paa. Nilichokiona kinafaa ni kuiweka ndoo juu ya matofali badala ya kuining'iniza, na jioni kuku wanapolala kuziba elbo kwa vifuniko vya inchi 3, au kuingiza ndoo nzima ndani. Kuku hali gizani, kwa hiyo hakosi chochote.

Kuhusu cheo, elbo nne ni milango minne, na kila kuku aliyeingiza kichwa hawezi kumwona jirani yake, jambo ambalo hupunguza kudonana kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo, kwa kuku kumi na wawili ningeshauri ndoo mbili zilizoachana, kila moja ikiwa na chakula nusu, ili mnyonge anayefukuzwa huku apate pa kwenda. Gharama huongezeka kwa ndoo nyingine, elbo nne na kazi ya jioni moja.

Si kila kuku ataielewa mara moja. Waliokulia kwenye beseni huizunguka bila kujua mlango uko wapi, na njia rahisi ni kuweka punje chache za mahindi kwenye midomo ya elbo huku kilishio cha zamani kikibaki pembeni hadi wote wazoee. Jogoo mwenye upanga mkubwa hupata taabu kwenye elbo ya inchi 3, kwa hiyo banda lenye jogoo liwe na angalau elbo moja ya inchi 4. Vifaranga na kuku wanaokua wasiwekewe kabisa: shingo zao hazifiki chini ya kona, na wale wadogo zaidi huweza kuingia wakakwama. Hao wapewe kile cha dukani chenye vizuizi, au beseni lenye ukingo wa mpira, mpaka watakapoweza kusimama na kufikia unga ulio ndani ya elbo bila kunyoosha miguu.